Mashine Kikaoni: Maswali Yenu Kuhusu Programu za Kuandika Muhtasari

Tulipowaomba maswali kuhusu teknolojia ofisini, barua nyingi zilihusu jambo moja: programu zinazosikiliza kikao na kutoa muhtasari kabla wajumbe hawajanyanyuka vitini. Tumechagua zinazogusa matatizo ya watu wengi. Majina ya waandishi tumeyaacha.

Mimi ni katibu wa bodi ya SACCOS mkoani Morogoro. Mwenyekiti wetu ameletewa programu inayorekodi kikao na kutoa muhtasari ndani ya dakika mbili. Anasema sina haja tena ya kuandika: tuchapishe kilichotoka, tusaini, tuweke kwenye faili. Muhtasari wenyewe unapendeza kweli. Ni sawa?

Ndugu katibu, msiusaini kama ulivyotoka.

Programu hiyo inafanya kazi mbili. Kwanza inageuza sauti kuwa maandishi, neno kwa neno. Kisha akili unde inayasoma maandishi hayo na kuyafupisha. Makosa ya hatua ya kwanza huonekana upesi, kwa sababu neno lililokosewa hukwaruza katika sentensi. Ya hatua ya pili hayaonekani. Sentensi imenyooka, sarufi ni safi, ila jambo lenyewe halikuwa hivyo. Muhtasari unaopendeza ndio wa kusomwa kwa makini zaidi.

Kosa la kwanza kwa wingi ni pendekezo kugeuzwa azimio. Mjumbe anasema, "Naona riba ya mkopo wa dharura ishuke hadi asilimia moja kwa mwezi." Wawili wanamuunga mkono, wa nne anahamisha mazungumzo. Mashine inaandika: "Ilikubaliwa riba ishuke." Hakuna aliyepiga kura, hakuna aliyehitimisha.

La pili linatokana na adabu yetu. Kikaoni watu hawapendi kukataa waziwazi. Wanasema "tumelisikia", "tutaliangalia", "inshallah", na kila aliyeketi pale anajua kwamba hoja imewekwa pembeni. Mashine inahesabu kuwa ni ndiyo, na wakati mwingine inampangia mtu utekelezaji na tarehe.

La tatu ni kupotea kwa waliopinga. Kufupisha ni kubakiza kilichosemwa sana. Mjumbe aliyesema mara moja tu, "Naomba iandikwe kwamba sikukubaliana," anafutika, na huyo ndiye atakayeyahitaji maandishi hayo siku mkopo ukishindwa kurejeshwa.

Halafu kuna yale yasiyotamkwa: kama akidi ilitimia, nani aliomba udhuru, nani alitoka nje wakati ajenda yenye maslahi yake ikijadiliwa, waraka gani uligawiwa mezani, mikono mingapi ilinyooshwa. Chombo kinachosikiliza tu hakiwezi kuyapata.

Muhtasari uliothibitishwa na kusainiwa na mwenyekiti huchukuliwa kuwa ushahidi wa kilichofanyika mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Mkaguzi ataanzia hapo, na ofisi ya Mrajis wa vyama vya ushirika vilevile. Sahihi ya mwenyekiti inasema: nimesoma, ndivyo ilivyokuwa. Hawezi kulisema hilo kuhusu karatasi ambayo hakuna mtu aliyeilinganisha na kikao.

Utaratibu tunaoushauri ni huu. Katibu aendelee kuandika, ila machache: kwa kila ajenda mistari mitatu tu, yaani azimio, mtekelezaji na tarehe. Kabla ya kuhamia ajenda inayofuata mwenyekiti atamke kwa sauti, polepole: "Azimio. Kikao kimekubali riba ya mkopo wa dharura iwe asilimia moja kwa mwezi kuanzia tarehe mosi Machi. Mtekelezaji ni meneja. Amepinga mjumbe mmoja." Haichukui hata nusu dakika, na katibu, mashine na wajumbe wote wanapata maneno yaleyale. Kama mjumbe ana neno, anasema papo hapo.

Kesho yake katibu alinganishe rasimu ya mashine na mistari yake. Panapotofautiana arudi kwenye sauti yenyewe. Programu nyingi huweka dakika na sekunde pembeni ya kila aya, kwa hiyo hana haja ya kusikiliza kikao kizima. Rasimu iwafikie wajumbe ndani ya siku tatu wakiwa bado wanakumbuka, ithibitishwe kikao kijacho kabla ya yatokanayo, kisha sauti ifutwe.

Mkifanya hivyo mashine inawafaa sana. Kunakili kwa mkono saa moja ya mazungumzo, neno kwa neno, huchukua saa nne hadi sita. Kulinganisha na kusahihisha huchukua saa moja, au moja na nusu kama kulikuwa na mabishano. Tena katibu anapata kuinua kichwa. Katika ofisi nyingi kalamu hupewa binti mdogo kuliko wote mezani, naye hoja zake hazisikiki kwa kuwa anaandika za wengine. Kwa sababu hiyo peke yake tungeikaribisha mashine.

Sisi hapa Nairobi tunachanganya Kiswahili, Kiingereza na kidogo Sheng. Programu inaandika Kiingereza vizuri, lakini tukiingia Kiswahili inatoa maneno ambayo hayapo. Kuna iliyo bora, ama tungoje?

Msingoje, lakini mjue chanzo cha tatizo ili mlipie kitu kinachowafaa.

Mashine hujifunza kusikia kwa kupewa sauti iliyoandamana na maandishi yake. Whisper, mtambo wa OpenAI uliotolewa Septemba 2022 na ambao programu nyingi zimejengwa juu yake, ulifundishwa kwa saa 680,000 za sauti. Lugha 96 zisizo Kiingereza ziligawana saa 117,000 za mazungumzo na maandishi ya lugha husika, na sehemu kubwa ya hizo ilikwenda kwa lugha kama Kichina, Kijerumani na Kihispania. Kiswahili kilipata chembe. Ndiyo maana Kiingereza chenu chenye lafudhi ya Kenya kinapita na Kiswahili chenu sanifu kinakwama.

Kuchanganya lugha kunaongeza ugumu. Programu nyingi hutaka uchague lugha moja mwanzoni, au hubahatisha lugha kutokana na sekunde za mwanzo. Ikishaamua kwamba kikao ni cha Kiingereza, kila neno la Kiswahili italilazimisha lifanane na neno la Kiingereza. Kwa hiyo kabla ya kulipa fanyeni jaribio hili: rekodini dakika kumi za kikao chenu cha kawaida (kusoma gazeti kwa sauti hakutoshi), mnakili wenyewe kwa mkono, kisha mhesabu maneno yaliyokosewa katika kila mia. Msiamini asilimia ya usahihi iliyo kwenye tangazo, maana mara nyingi imepimwa kwa Kiingereza kilichosomwa studioni. Kikao cha saa moja kina maneno kama 6,000. Makosa kumi katika kila mia ni maneno 600 yasiyo sahihi, na hamjui ni yapi.

Nao uzito wa makosa haufanani. Kiswahili hubeba mambo makubwa katika silabi ndogo ya mwanzo wa neno. "Hatutalipa" ikimezwa silabi moja inakuwa "tutalipa". "Nitaleta" na "tutaleta" zinatofautiana kwa silabi moja, na hapo mwenye jukumu amebadilika. "Tumelipa" ikisikika "tunalipa" deni lililokwisha linafufuka. Anayesahihisha nakala, yaani maandishi ya neno kwa neno yanayotolewa na mashine, aanze na vitenzi vya maazimio: aangalie ukanushi, nani anatenda, na wakati.

Saa ni mtego mwingine. Mtu akisema tukutane saa tatu asubuhi, programu inayofupisha kwa Kiingereza mara nyingi huandika saa 3 ya kizungu badala ya 9, na mwaliko unaoingia kwenye kalenda unakuwa wa alasiri au wa usiku wa manane. Tajeni saa mara mbili: "saa tatu asubuhi, yaani nine a.m." Fedha nazo ni vivyo hivyo. "Elfu ishirini na tano" inaweza kuandikwa 25,000 au 20,005, na "laki tatu" baadhi ya programu hazilijui kabisa. Kiasi chochote kinachoingia kwenye azimio kiandikwe kwa tarakimu kwenye ubao wa gumzo la kikao. Hapo hamtegemei mashine ikisikie, katibu anakinakili tu.

Sheng hatuna dawa yake. Kama azimio limesemwa kwa Sheng, mwenyekiti alirudie kwa lugha moja.

Katika kikao cha mtandaoni na mteja, ghafla kaingia mshiriki asiye mtu, jina lake la kompyuta. Hakuna aliyesema ni wa nani. Tunamtoaje? (Mombasa)

Mwenye kikao anafungua orodha ya washiriki na kumwondoa kama anavyoondoa mtu yeyote. Kwenye mipangilio azime ruhusa ya aliyeondolewa kurudi, na awashe chumba cha kusubiri ili kila anayeingia aidhinishwe.

Chanzo chake karibu siku zote ni kalenda ya mmoja wenu. Mtu alijisajili kwenye programu, akaipa ruhusa ya kusoma kalenda yake, na kule ndani kuna kitufe kinachosema iingie katika kila kikao, nacho mara nyingi hukutwa kimewashwa tayari. Akiwa likizo, roboti inahudhuria kwa niaba yake. Mtafuteni, mwambieni achague kuialika mwenyewe kikao kwa kikao.

Kitufe cha pili cha kukagua ni cha kutuma muhtasari kwa wote walioalikwa. Hicho ndicho kinacholeta madhara. Mteja anaaga na kutoka, ninyi mnabaki dakika kumi kujadili bei ya mwisho mnayoweza kushuka, roboti iko palepale, na jioni mteja anapokea barua pepe yenye mazungumzo yote. Kama mna la kusema baada ya mgeni kuondoka, fungeni kikao na mfungue kingine.

Siku hizi zipo pia programu zisizoingia kwenye orodha kabisa. Zinanasa sauti moja kwa moja kutoka kompyuta ya mshiriki, na hakuna dalili kwenye kioo. Kwa hiyo kumwondoa roboti hakutoshi. Mwanzoni mwa kikao ulizeni waziwazi: nani anarekodi, kwa programu gani, na nakala inakwenda wapi?

Mimi ni afisa rasilimali watu Dar es Salaam, tuna ofisi pia Nairobi na mfadhili Ujerumani. Lazima niombe ruhusa kila kikao? Wafanyakazi wameshasaini mkataba wa ajira unaosema kampuni inaweza kurekodi.

Kifungu cha jumla kwenye mkataba hakiwafikishi mbali. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na kusimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 chini ya Kamishna wa Data. Zote mbili zinataka mtu ajulishwe kabla taarifa zake hazijakusanywa: zinakusanywa kwa lengo gani, na nani atazipata. Zote zinaweka masharti kwa taarifa zinazopelekwa nje ya nchi, na sauti ya kikao chenu karibu hakika inakwenda kwenye seva zilizo nje. Mfadhili wenu yuko chini ya kanuni za ulinzi wa data za Umoja wa Ulaya, GDPR, na atauliza maswali hayohayo.

Kuhusu ridhaa ya mfanyakazi mwe waangalifu. Ridhaa halali ni ile anayoweza kuikataa bila kuumia, na mtu anayeombwa na mwajiri wake mbele ya wenzake hana uhuru huo. Ni salama zaidi kuwa na lengo la kweli linalojitetea lenyewe, kuwajulisha watu kikamilifu, na kumpa anayepinga njia nyingine, kwa mfano kusimamisha kurekodi anapochangia.

Jambo ambalo ofisi nyingi hazijalitazama ni utambuzi wa sauti. Ili iandike nani kasema nini, baadhi ya programu hutengeneza alama ya sauti ya kila mtu na kuihifadhi, zikamtambua kikao kinachofuata. Sheria ya Kenya inautaja utambuzi wa sauti ndani ya taarifa za kibayometriki, na hizo ni taarifa nyeti zenye ulinzi wa juu. Taarifa nyeti huko ni pamoja na afya, mali, hali ya ndoa na hata majina ya watoto, mambo yanayotajwa katika kikao chochote cha ruhusa za likizo. Kama hamna sababu nzito, zimeni kipengele hicho na mtaje majina wenyewe mnapozungumza.

Kabla ya kusaini na muuzaji, mtakeni ajibu kwa maandishi: sauti na nakala zinahifadhiwa nchi gani, zinakaa muda gani, nani kwenye kampuni yake anaweza kuzifungua, je, anazitumia kufundishia mitambo yake, na mkiondoka anafuta nini na lini. Swali la mafunzo ndilo ambalo wengi hulijibu kwa kuzungukazunguka. Agosti 2025 kesi ilifunguliwa katika mahakama ya shirikisho huko California dhidi ya Otter.ai, mmoja wa wauzaji wakubwa, ikidai kwamba programu yake ilirekodi watu ambao hawakuridhia na kutumia mazungumzo hayo kufundishia mitambo. Na mkumbuke: taarifa zikivuja, Kenya inawapa saa 72 za kumjulisha Kamishna. Hamtaweza kumjulisha kama hamjui nakala zenu zilikuwa wapi.

Tangazo la kusoma mwanzoni mwa kikao lisizidi sentensi nne: tunarekodi, kwa ajili ya kuandika muhtasari, sauti itafutwa muhtasari ukithibitishwa, na anayetaka tusimamishe aseme sasa au wakati wowote.

Mimi sisikii vizuri. Manukuu yanayotokea kwenye kioo yamenirudishia kazi yangu. Sasa wenzangu wamekataa mashine kikaoni kwa sababu ya siri, na mimi nimerudi kusoma midomo. (Arusha)

Wenzako wamefunga kitu ambacho hakikuwa tatizo. Manukuu ya moja kwa moja na kurekodi ni vitufe viwili tofauti. Manukuu huonekana kwenye kioo na kupita, na katika programu nyingi za vikao hayahifadhiwi popote kama hakuna aliyewasha nakala au kurekodi. Google Meet ina Kiswahili miongoni mwa lugha za manukuu. Mpelekee msimamizi wenu sentensi hii: "Manukuu yawashwe, nakala na kurekodi vizimwe." Siri inabaki, na wewe unafuata kikao.

Kwa manukuu yaliyo bora, kila msemaji atumie kipaza sauti chake, wasikatizane, na mwenyekiti amtaje anayepewa nafasi. Neno likipotea liandikwe kwenye gumzo. Haya si fadhila kwako. Kufuata kikao ni sehemu ya kazi uliyoajiriwa kuifanya, na ofisi inawajibika kukuwezesha. Ofisi inayotunga sera ya kuzuia mashine ianze kwa kuuliza nani anaitegemea.

Tunakaa watu kumi na wawili kuizunguka meza, simu moja katikati. Nakala inachanganya majina, na mara mbili tumekuta sentensi ambazo hakuna mtu aliyezisema. Inawezekanaje? (Mwanza)

Inawezekana, na inafahamika. Whisper huchukua sauti kwa vipande vya sekunde 30 na kukisia maneno yanayoelekea kufuatana. Ikikuta ukimya mrefu, feni, au mvua juu ya bati, bado inakisia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzao walichapisha mwaka 2024 utafiti ulioonyesha kwamba takriban asilimia 1 ya vipande walivyopima vilikuwa na maneno ya kubuni kabisa, na asilimia 38 ya ubunifu huo ulikuwa na madhara, kama kutaja ukatili au kumhusisha mtu na jambo lisilomhusu. Ukimya wa katikati ya maneno uliongeza tatizo. Dalili zake ni sentensi inayojirudia mara tatu nne, au shukrani za mtangazaji wa video katikati ya ajenda ya bajeti.

Dawa inaanza na kipaza sauti. Simu iliyo mita mbili kutoka kwa msemaji inasikia zaidi chumba kuliko mtu. Kwa watu kumi na wawili wekeni vipaza sauti viwili vya mezani, kila kimoja kikihudumia nusu ya meza, pasiwe na mtu aliye zaidi ya mita moja kutoka kilipo. Simu au kinasa sauti msiviweke juu ya mbao tupu, maana kila kikombe kinachotuliwa kinasikika kama ngoma. Kitambaa kilichokunjwa kinatosha. Feni ya juu izimwe au ipunguzwe, dirisha la upande wa jenereta lifungwe. Wakati wa mapumziko ya chai simamisheni kurekodi kabisa, msiache kinasa kikisikiliza viti vitupu.

Majina yanachanganyika kwa sababu mashine inagawa sauti kwa kufananisha milio, nayo wawili wakisema kwa pamoja inawafanya mmoja. Kama sehemu ya wajumbe wako mtandaoni na ninyi mmekaa kwenye kompyuta moja, programu nyingi zitawaandika nyote kwa jina la akaunti hiyo. Njia ya uhakika ni ya zamani: mwenyekiti anataja jina kabla ya kutoa nafasi. "Karibu mhasibu." Nakala inaubeba wito huo, na katibu anajua aliyefuata.

Shirika letu liko Kigoma, intaneti inakatika na bando ni ghali. Tunaweza kufanya bila mtandao?

Mnaweza. Rekodini kwenye simu kwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde; saa moja inachukua kama megabaiti 29. Whisper inapatikana bure na inaendeshwa kwenye kompyuta yenu bila sauti kutoka nje ya ofisi. Ina saizi kadhaa: small inahitaji kadi ya picha yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2 hivi, medium 5, large 10. Kwa Kiswahili msihangaike na ndogo, makosa yake yatawamalizia muda. Kompyuta isiyo na kadi ya picha hutumia toleo la whisper.cpp, itafanya kazi polepole, kwa hiyo iacheni usiku ikiwa kwenye umeme wa uhakika.

Mtambo huo unatoa nakala tu. Haufupishi, wala hautenganishi wasemaji. Kwa shirika lenye taarifa za wakimbizi au wagonjwa hiyo ni nafuu kubwa, maana kufupisha kutabaki kwa mtu anayejua kilichojadiliwa.

Kama mnaingia kikao cha mtandaoni kilichoandaliwa na wengine, roboti yao haili bando lenu, kwani inaunganishwa kutoka huko iliko seva. Lakini inasikia kile tu ambacho mtandao wenu umefikisha. Sauti ikikatika katikati ya hoja yenu ya bajeti, nakala yao itakuwa na pengo au ubunifu. Tumeni hoja hiyo kwa maandishi pia, siku hiyohiyo.

Bosi wetu anarekodi kila kitu, hata maongezi ya wawili. Anasema asiye na la kuficha haogopi. Watu wameacha kusema. Tumwambie nini? (Kisumu)

Mwambieni kwamba amepata nakala kamili ya mazungumzo yasiyo na maana, na yale yenye maana yamehamia kwenye ngazi na kwenye gumzo la WhatsApp asilomo. Mfanyakazi anayejua kila neno linahifadhiwa haulizi swali la kijinga, hasemi mradi umechelewa, hakosoi wazo la mkubwa. Hizo ndizo habari ambazo meneja anazihitaji mapema. Kikao cha kutafuta mawazo kinaumia zaidi, kwa sababu kazi yake ni kuruhusu mawazo mabovu yasemwe.

Mpendekezeeni mgawanyo. Mashine iingie katika vikao vya maendeleo ya mradi, mafunzo, mawasilisho, na vikao na wateja walioridhia. Isiingie katika tathmini ya mfanyakazi, mishahara, ugonjwa na misiba, malalamiko ya unyanyasaji, ushauri wa mwanasheria, wala mazungumzo na chama cha wafanyakazi. Kikao cha nidhamu ni cha kipekee: pande zote mbili zinaweza kufaidika na kumbukumbu kamili, kwa hiyo ikirekodiwa iwe kwa makubaliano, na mtuhumiwa apewe nakala ileile ya sauti siku hiyo, wala si muhtasari uliofupishwa na mashine ya mwajiri.

Mwambieni pia kwamba kila anachohifadhi kinaweza kuombwa. Mfanyakazi ana haki ya kuomba taarifa zake binafsi zilizo mikononi mwa mwajiri. Kesi ikifika mahakama ya kazi, upande wa pili unaweza kuomba nakala zitolewe, zikiwa na utani wa ofisini, hasira za Ijumaa jioni na makosa ya mashine yenyewe ambayo hakuna aliyeyasahihisha kwa wakati. Muda wa kuhifadhi uwekwe kwenye mipangilio ya programu, ili vilivyohifadhiwa vijifute vyenyewe: siku 30 kwa sauti zinatosha ofisi nyingi, au mpaka muhtasari uthibitishwe kama kikao kijacho ni baada ya hapo. Mtu mmoja apewe jukumu la kukagua kila mwezi kama ufutaji umefanyika kweli, pamoja na kwenye barua pepe na simu za wale waliotumiwa nakala.